Unyayo Juu ya Pumba

3 Juni

Maganda ya kwanza yamefika asubuhi hii, lori zima, bado yana uvuguvugu wa mashine. Dereva wa kiwanda ameyamwaga uani bila salamu, na harufu ya machungwa ikaingia mpaka chumbani kwangu. Dada yangu alitoka na mtandio wake wa sufu, akavuta kigoda, akaanza kuchambua: mazima huku, yaliyooza huku. Yaliyooza yana unga wa kijani unaopeperuka ukiyagusa tu.

"Njoo usaidie, msomi," akaniita. "Au unangoja yachapwe kwanza ndiyo uyasome?"

Dada amenipita miaka minne na hajawahi kuniacha nisahau.

Nimeamua kuandika msimu huu wote, kwa sababu msimu huu ndio utakaoamua tunalala wapi. Kiwanda cha juisi kimempa mpwa wangu, bintiye dada, ghala hili la zamani pamoja na vyumba vya ubavuni tunamoishi. Kabla machungwa hayajaisha, awe amewapelekea mapipa sita ya kimeng'enya kinachopita kipimo chao. Akiweza, tunabaki. Akishindwa, ghala linarudi kuwa la makasha matupu, nasi tunatafuta pengine. Nimetafuta pengine maisha yangu yote. Sanduku langu liko chini ya kitanda, na tangu tuhamie hapa sijalifungua lote.

4 Juni

Baridi. Manyunyu. Hakuna la kuandika.

6 Juni

Mpwa wangu amenieleza kazi yake upya, kwa subira, nami naiandika ili nisimuulize tena. Maganda hukaushwa, husagwa, huchanganywa na pumba za ngano na maji. Hupikwa kwa mvuke ili kila kilicho hai ndani yake kife. Yakipoa hunyunyiziwa mbegu za kuvu nyeusi, vumbi laini kama masizi, ambalo yeye hulitunza kwenye chupa ndani ya friji. Kisha trei hupangwa kwenye rafu za chumba cha ndani na kufunikwa. Kuvu ikila yale maganda hutoa kimeng'enya, kitu kinachoyeyusha utando wa tunda. Siku chache baadaye trei huloweshwa, maji huchujwa, na maji hayo ndiyo mali. Kiwanda huyatia kwenye juisi ya mapera, iliyo nzito kama uji, nayo hujichuja yenyewe ikang'aa.

"Kwa hiyo unawapelekea maji ya maganda yao wenyewe," nikamwambia.

"Ndiyo, Mjomba. Na wanasema asante."

Akaniingiza chumbani kuona. Mlangoni unavua viatu vyako na kuvaa kandambili nyeupe za humo ndani, zisizotoka nje hata siku moja. Unavaa aproni safi. Unanawa mpaka kwenye viwiko. Ndani kuna joto la ajabu. Si la boila peke yake. Kuvu inapokula hutoa joto lake yenyewe, ukiweka kiganja juu ya trei unalisikia, kama ubavu wa ng'ombe. Harufu ni ya matunda yaliyoiva na udongo uliolowa. Nilitaka kubaki humo. Mpwa wangu akanivuta mkono, maana mlango haukai wazi.

9 Juni

Yuko mtu wa nne hapa, fundi wa boila na feni. Mpwa wangu alimpata kwenye geti la kiwanda akitafuta kibarua. Hupiga mluzi tangu anapoingia mpaka anapoondoka, ndiyo maana dada akamwita Mluzi, na jina limemkaa. Mrefu, mcheshi, mwepesi wa kusaidia. Watu wepesi wa kusaidia mimi huwatazama mara mbili. Jirani aliyetusaidia kupakia vitu siku tulipoondoka kwetu ndiye aliyelala katika nyumba yetu jioni ile ile.

Leo akanisogelea nikiwa nakunywa chai. "Mzee wetu, hivi zile mbegu za kwenye chupa zikiisha, bosi anatoa wapi nyingine?"

"Kwa nini unauliza?"

"Nauliza tu, mzee. Ningekuwa nauliza kwa ubaya ningekuletea andazi kwanza."

Akacheka. Mimi sikucheka.

13 Juni

Trei tatu zimeingia kijani.

Mpwa wangu aliziona alipofunua asubuhi. Kuvu nyeusi huanza kwa nyuzi nyeupe safi, kama pamba iliyochambuliwa. Katikati ya weupe ule kulikuwa na michirizi ya kijani, mirefu, iliyopinda. Zote tatu ni za rafu ya chini, karibu na kigoda anachokalia anaposoma kipimajoto.

"Ni ile ile ya kwenye maganda yaliyooza," akasema. "Imeingiaje? Nimepika mwenyewe."

"Nani mwingine ana ufunguo?" nikauliza.

"Unaning'inia msumarini jikoni, Mjomba. Sote tunao."

Trei zimemwagwa shimoni. Nilifanya kazi ya kusahihisha chapa kabla ya vitabu kwenda mitamboni, na kazi ile ilikuwa ni kumshuku kila mwandishi, hata aliye rafiki. Kosa halijileti lenyewe ukurasani. Lina mkono.

14 Juni

Nimemwona Mluzi akitoka na kopo ameliweka chini ya koti.

15 Juni

Kopo tena.

20 Juni

Rafu ya chini tena, trei nne safari hii. Michirizi ile ile.

Mchana nilikwenda kununua sukari. Getini kwa kiwanda limesimama lori la wale wanaoleta kimeng'enya cha nje katika mapipa ya bluu, wale ambao mpwa wangu akifaulu watakosa mteja. Dereva wake ameegemea mlango, anacheka, na anayecheka naye ni Mluzi. Walipigana viganja. Dereva akampa kitu kidogo, akakitia mfukoni.

Nilirudi bila sukari.

21 Juni

Nimemwambia mpwa wangu yote: maswali ya mbegu, kopo, dereva. Alikuwa anachuja, mikono imelowa mpaka viwikoni, macho yamemuingia ndani kwa uchovu.

"Mjomba, kopo nalijua. Dereva simjui, lakini mtu haruhusiwi kuwa na rafiki?"

"Kopo unalijua la nini?"

"Makapi yaliyochujwa. Ana sungura."

"Alikwambia ana sungura. Uliwaona?"

Akaacha kuchuja. "Wewe ukiletewa chai unaichungulia kama imetiwa sumu. Tangu nikiwa mdogo uko hivyo."

"Na tangu ukiwa mdogo uko hai," nikamjibu.

Dada, aliyekuwa anakuna magoti yake karibu na jiko, akasema, "Muacheni kinanda wangu. Nyumba bila mluzi ni hospitali." Magoti yanamsumbua sana mwaka huu, na siku hizi husahau vitu. Jana aliniuliza kama nimefunga mbuzi. Hatujawa na mbuzi tangu nikiwa na meno ya utoto.

24 Juni

Mtu wa vipimo kutoka kiwandani amekuja. Tunamwita Bwana Vipimo mbele yake na hachukii. Amechukua pipa moja tu kati ya mawili yaliyokuwa tayari. La pili maji yake ni dhaifu, amesema, kimeng'enya kidogo mno. Akatazama kalenda ya ukutani, kisha akatutazama sisi, kisha akatazama dari la ghala kama mtu anayepima makasha mangapi yataenea.

Ninalinda mlango asubuhi na jioni, saa ambazo Mluzi yuko. Baada ya chakula cha mchana hulala kidogo. Umri.

27 Juni

Leo naandika kwa urefu.

Jana asubuhi, baada ya wote kutoka chumba cha trei, nilipepeta pumba laini kabisa na kuzinyunyiza ndani ya kizingiti, tabaka jembamba lisiloonekana ukiwa hujui. Niliwaambia wote kwamba mpwa wangu hataki mtu aingie mpaka jioni. Mluzi alikuwa boilani. Dada alikuwa uani anachambua. Mpwa wangu alikwenda kiwandani. Nikalala kidogo baada ya kula, nikaamka, nikaenda kufungua mlango kwa ufunguo wa msumarini.

Kulikuwa na unyayo. Si wa kandambili. Wa mguu mtupu, mpana, kisigino chenye nyufa zilizojichapa waziwazi kwenye pumba. Umeingia, na mwingine nusu umetoka.

Asubuhi hiyo hiyo nilikuwa nimemwona Mluzi bombani, amekunja suruali, anaosha matope miguuni. Viatu alikuwa amevivua. Nilisoma pale na nikaona maneno yote yameungana: mguu mtupu, mguu wa mtu asiyejali kandambili nyeupe, mguu wa mtu aliyetumwa.

Jioni nikawaita wote watatu. Nilisema niliyoyaona, bila kupandisha sauti. Mluzi alinisikiliza mpaka mwisho. Uso wake ulikuwa wa mtu anayengoja mwenzake amalize utani. Alipoona haumaliziki, akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa na kuvua kiatu.

"Mzee wetu, miguu ninayo miwili tu. Chukua huu, twende ukaupime kwenye pumba zako."

Akaunyoosha mguu mbele yangu. Mpwa wangu akanitazama. "Mjomba, upime basi."

Nikasema sihitaji kupima. Nikasema nimeona vya kutosha. Kwa kweli sikuutazama ule mguu kabisa. Niliutazama ukuta uliokuwa nyuma yake.

"Dereva wa mapipa ya bluu ni nani kwako?" nikamuuliza.

"Shemeji yangu. Amemuoa dada yangu. Alinipa dawa ya jino." Akavaa kiatu polepole, akamgeukia mpwa wangu. "Bosi, wewe unasemaje?"

Mpwa wangu alijifuta mikono kwenye aproni. Kisha akasema, "Pumzika kidogo kwanza. Mpaka mkupuo huu upite. Nitakuita."

"Kupumzika," akasema Mluzi. "Neno zuri."

Akatundika aproni, akaweka bisibisi zake kwenye mfuko, akatoka uani. Sikusikia mluzi.

"Mmenifukuzia kinanda wangu," dada akasema, na akapiga chafya.

28 Juni

Dada ana mafua makali. Amelala.

2 Julai

Dada bado kitandani, kifua kinakoroma. Namkanda mgongo na miguu kwa mafuta, naye ananilipa kwa matusi.

4 Julai

Mkupuo umetoka safi! Trei zote, kuanzia juu hadi chini, nyeupe tupu, bila chembe ya kijani. Mpwa wangu alifunua moja baada ya nyingine, na kila moja alipoifunua alinitazama, nami nikainua kidevu. Nilikwenda dukani kifua mbele. Nilinunua ile sukari.

Usiku wa miaka mingi umenifundisha jambo moja, nikajiambia, kwamba mtu mwenye shaka hukosea mara chache kuliko mtu mwenye imani. Naliacha neno hilo hapa kama lilivyo.

7 Julai

Dada ameamka, amerudi kwenye maganda yake. Bila Mluzi, feni ya pili inalia na mpwa wangu anaipigapiga kwa mwiko.

11 Julai

Kijani. Rafu ya chini. Trei tano.

12 Julai

Mluzi hayupo. Ufunguo uko msumarini. Boila linawashwa na mpwa wangu mwenyewe. Basi ni nani?

Nimemfikiria Bwana Vipimo, ambaye macho yake yako darini. Nimemfikiria dereva wa lori la maganda asiyesalimia. Halafu nikafikiria jambo ambalo naona aibu kuliandika, lakini daftari hili nililianza ili niseme kweli. Nimemfikiria mpwa wangu. Ana miaka thelathini na saba, hana mume, ana wazee wawili mgongoni. Mambo yakiharibika hapa, nani atamlaumu akituacha mahali fulani akaenda zake? Leo wakati wa kula nilimtazama akimkatia mama yake nyama vipande vidogo vidogo, nikajisikia mchafu, na bado sikuacha kumtazama.

13 Julai

Sanduku nimelitoa chini ya kitanda. Nimelikagua. Nimelirudisha.

16 Julai

Jua limetoka leo kwa mara ya kwanza tangu mwezi uanze, na likanipiga usoni nikashindwa kulala baada ya chakula. Nikaenda jikoni kunywa maji. Msumari ulikuwa mtupu.

Mpwa wangu alikuwa kiwandani. Nikashika fimbo yangu. Niliogopa, na sitaficha kwamba katika woga ule mlikuwa na furaha: hatimaye ningemwona mtu mwenyewe uso kwa uso. Nikavuka uani. Kigoda cha kuchambulia kilikuwa kitupu, maganda yako katika mafungu mawili. Mlango wa chumba cha trei ulirudishwa bila kufungwa. Nje ya kizingiti, zimepangwa vizuri, visigino vikitazama ukuta, palikuwa na ndara za dada. Kandambili nyeupe zilikuwa mahali pake, hazijaguswa.

Nikasukuma.

Amekaa kwenye kigoda cha kipimajoto, miguu mitupu, magoti ameyaegemeza kwenye rafu ya chini, uso umelegea kwa starehe. Trei za rafu ile amezifunua vifuniko vyake vya kitambaa, na juu yake ametandika mtandio wake wa sufu, ule ule anaochambulia, amezifunika kama unavyofunika watoto wawili kitanda kimoja. Mtandio umekunjamana. Mikunjo ilikuwa mirefu, iliyopinda. Niliitambua kabla sijajua ninatambua nini.

"Shh," akasema. "Usiwaamshe. Ndio kwanza wamepata joto."

"Dada."

"Baridi ya huku haina adabu. Nimewafunika. Usiku wanakuwa wazi, maskini, na kitambaa kile chepesi kitasaidia nini?" Kisha macho yake yakateremka hadi miguuni pangu, na sauti yake ikawa ile ya zamani, ya msichana mkubwa wa nyumba. "We mtoto! Unaingia kwa mama na viatu?"

Nilisimama pale na fimbo yangu. Ilikuwa kweli. Chumba kile, na joto lake, na udongo uliolowa na tunda lililoiva, ni nyuma ya nyumba yetu baada ya mvua, pale mama alipokuwa akianika na kuloweka na kuchachusha. Nilikuwa nimeinusa harufu hiyo siku ya kwanza nikataka kubaki, na sikujiuliza kwa nini. Na kwa mama hatukuingia na viatu, mtu yeyote, hata baba. Nilikuwa nimeuona mguu ule ule kila siku ya maisha yangu. Juzijuzi nilikuwa naukanda mafuta. Nilikuwa nimeusoma kwenye pumba nikaona mguu wa adui, kwa sababu adui ndiye niliyekuwa namtafuta.

Nikavua viatu. Nikakaa sakafuni karibu naye.

"Unakuja hapa kila siku?" nikamuuliza.

"Nikiona magoti yanauma. Nyinyi mnalala." Akanigonga kichwani kwa vidole viwili. "Mlinzi hodari."

Baada ya muda nikainua mtandio taratibu, nikautoa nje, nikaukung'uta upande wa pili wa ua. Ukatoa wingu la kijani.

16 Julai, jioni

Nimemwambia mpwa wangu. Alikaa kwenye ndoo ile ile iliyopinduliwa. Kwanza alicheka, kisha akajifunika uso kwa aproni.

"Mama?"

"Usimgombeze. Alidhani anazilea."

"Sitamgombeza, Mjomba." Akashusha aproni. "Na Mluzi?"

Nikaitazama fimbo yangu. Akangoja. Kisha akasema kwa upole, na upole ule ulikuwa mzito kuliko kelele, "Alikupa mguu wake uupime."

"Nitakwenda mimi," nikasema.

"Utakwenda wewe," akasema.

17 Julai

Anakaa nyuma ya gereji, chumba kimoja na ua mdogo. Uani kuna vibanda vya waya na ndani yake sungura, wengi, wa kijivu, wanatafuna makapi yetu ya machungwa. Mmoja aliacha kutafuna akanitazama kama ananijua kwa sifa.

Mluzi alitoka na mwiko wa mwashi mkononi. Hakunikaribisha kiti.

"Umekuja kupima mguu?"

"Nimekuja kuomba radhi."

Nikamweleza yote: pumba, ndara, mtandio, mikunjo, na mafua ya dada yaliyonifanya nijione nimeshinda. Sikupunguza. Alisikiliza huku akimlisha sungura jani moja moja.

"Kwa hiyo bibi ndiye jasusi," akasema.

"Ndiye."

"Na mimi nilikuwa na kesi kwa sababu ya sungura, jino, na kuoga." Hakucheka. "Mzee, unajua nilitafutaje kazi baada ya pale? Niliulizwa kwa nini niliachishwa. Niseme nini? Niseme nilionekana nikiosha miguu?"

"Rudi," nikasema. "Feni ya pili inakufa. Yamebaki mapipa matatu."

"Nitarudi kwa ajili ya bosi. Na bibi." Akafunga kibanda. "Kesho."

Alipokuwa akiniaga hakusema "mzee wetu" kama zamani. Alisema "mzee", basi. Neno moja tu limepungua, na nimetembea nalo njia nzima.

18 Julai

Amerudi. Ametengeneza feni. Kimya.

21 Julai

Wamefanya kitu ambacho kisingenijia mimi hata kwa mwaka mzima wa kufikiri. Feni ya pili hutoa hewa ya chumba cha trei nje kupitia bomba la bati lililokuwa linamalizikia juu ya paa. Mluzi amelikata, akalipinda, akalishusha ukutani mpaka nyuma ya jikoni. Mpwa wangu amefunga kitambaa kizito mdomoni mwa bomba ili mbegu zisitoke. Chini ya mdomo ule wameweka benchi lenye mto. Sasa joto lote linateremka pale pamoja na harufu yake: tunda lililoiva, udongo uliolowa.

Dada aliletwa kwa mkono. Akanusa. Akavua ndara, akazipanga, visigino ukutani, akakaa.

"Nani kafungua dirisha kwa mama?" akauliza.

"Mimi, bibi," akasema Mluzi.

"Kinanda wangu. Mbona hupigi?"

Mluzi akaniona nimesimama mlangoni. "Mdomo umekauka, bibi," akasema.

Ufunguo wa chumba umehama kutoka msumarini. Mtandio unafuliwa kila jioni, na wa kuchambulia ni mwingine.

28 Julai

Safi.

4 Agosti

Safi, ila maganda yanapungua. Lori la leo lilikuwa nusu. Bado pipa moja. Naota makasha matupu.

9 Agosti

Bwana Vipimo amekuja kwa ajili ya pipa la sita. Ameweka bilauri mbili za juisi ya mapera juu ya meza, zote nzito kama uji. Katika moja ametia matone kutoka kwenye pipa. Ameiweka kwenye maji ya moto, akatoa gazeti mfukoni, akasoma michezo. Tulisimama watatu tukiitazama bilauri. Dada alikuwa benchini kwake, anasinzia.

Kwanza hakukuwa na kitu. Baadaye uji ule ukaanza kukatika, mashapo yakaanguka taratibu chini, na juu ikabaki rangi ya chai nyepesi. Bwana Vipimo akaishika bilauri mbele ya gazeti.

"Kawaida yangu mwenye pipa ndiye anayesoma," akasema. "Nani ana macho?"

Mpwa wangu alirudi nyuma hatua moja. Mluzi akanitazama kwa hiari yake, mara ya kwanza tangu arudi. "Mpe mzee. Yeye ndiye msomaji wa humu."

Sijui kama ulikuwa utani au mjeledi. Nikavaa miwani, nikainama, nikasoma kupitia juisi kila neno la habari ile, mpaka chini.

"Mstari wa tatu kuna kosa la chapa," nikasema. "Wamesahau herufi."

Bwana Vipimo akageuza gazeti, akatazama mstari wa tatu, akacheka mpaka akakohoa. "Imepita," akasema. "Kama unaona kosa, imepita. Kaeni. Msimu ujao tutataka kumi na mawili."

Mpwa wangu alimkumbatia Mluzi, kisha mimi, kisha akaenda kumwamsha mama yake kumwambia. Dada akasema, "Nilijua. Nimewafunika vizuri."

12 Agosti

Lori la maganda halikuja leo, wala halitakuja mpaka mwaka kesho. Ua umefagiliwa. Nimetoa sanduku chini ya kitanda, nikatoa nguo zote, nikazitundika. Chini kabisa nilikuta ufunguo wa nyumba yetu ya kule, ambao nilikuwa nimesahau ninao. Nimeutundika kwenye msumari wa jikoni ulioachwa wazi.

Alasiri nilikuwa napita kwenda kumpelekea dada chai. Mluzi alikuwa ndani ya chumba cha boila, anasugua masizi, hakujua kama niko nje. Akaanza kupiga mluzi. Mdogo kwanza, wa kujaribu, kisha mzima.

Mlango ulikuwa wazi, na hatua moja tu zaidi angeniona. Nikasimama pale pale, chai mkononi inapoa, nisije nikamkatiza.